Kiti cha Kielezi cha Kiingereza

Mwaka 1987, nikiwa bado mgeni katika kazi ya kushika chaki, nilimsahihisha mwanafunzi wa kidato cha pili mahali pasipokuwa na kosa. Alikuwa ameandika insha kuhusu mama yake, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "My mother often wakes before the cock." Nikalizungushia duara neno "often", nikachora mshale mwekundu hadi mwisho wa sentensi, nikampunguzia alama. Chuo cha ualimu nilichosomea kilikuwa kimenifundisha kwamba kielezi hufafanua kitenzi, kwa hiyo mahali pake ni nyuma ya kitenzi. Daftari lenye maneno hayo ninalo hadi leo. Binti yule hakubisha; zama zile mwanafunzi hakubishana na wino mwekundu. Katika insha zilizofuata alivipeleka vielezi vyake vyote mwishoni mwa sentensi kama nilivyomtaka, na Kiingereza chake, kilichokuwa kimeanza kuchangamka, kikawa kama gari linalovutwa kwa kamba.

Ningekaa kimya na aibu yangu hiyo kama kosa lenyewe lingekuwa limestaafu pamoja nami. Halijastaafu. Nalisikia bado kwa watoto wa mtaani wanaoniletea madaftari yao barazani: "Mwalimu ametuambia kielezi kinafuata kitenzi." Hao ni watoto ambao, tangu wanapoingia kidato cha kwanza katika nchi hii, husoma fizikia, historia na jiografia kwa lugha hiyohiyo wanayofundishwa kombo. Na upande wa pili wa ukuta, katika Kiswahili chetu wenyewe, nakutana kila siku na sentensi za namna hii: "Mimi daima ninakuthamini." "Sisi kamwe hatutakubali." "Yeye tayari ameondoka." Wengi huyaona haya kuwa magonjwa mawili, moja la darasa la Kiingereza na jingine la chumba cha habari. Mimi nasema ni ugonjwa mmoja. Kiingereza kina kiti kati ya kiima na kitenzi, na Kiswahili hakina. Asiyekiona kiti hicho atawanyima Waingereza kilicho chao; akishakiona bila kukielewa, atakibeba na kukileta nyumbani kwetu, ambako hakuna nafasi ya kukiweka.

Tuanze na kiti chenyewe. Katika "She always arrives late", neno "always" limekaa kati ya "she" na "arrives", na hapo ndipo kwao. Likisogezwa nyuma, "She arrives always late", Mwingereza atakuelewa lakini atakunja uso. Kitenzi kikiwa na msaidizi, kielezi huingia baada ya msaidizi wa kwanza: "She has always arrived late"; "She would never have been believed." Kitenzi kikiwa "to be" pasipo kingine, kielezi hukaa nyuma yake: "She is always late." Mwalimu asiyejua huiona sentensi hiyo ya mwisho kuwa ushahidi wa kanuni yake, akasahau kwamba "is" ni mzee anayetembea kizamani. Katika Kiingereza cha enzi za Shakespeare, vitenzi vya kawaida navyo viliweza kulitangulia neno la kukanusha, watu wakasema "I know not". Leo lazima waseme "I do not know". Vitenzi vya kawaida vimerudi nyuma, "is" na wenzake wachache wamebaki mbele, na kielezi kimesimama palepale kikiwatazama.

Kifaransa hakikupita njia hiyo. Mfaransa husema "Je bois souvent du thé", kitenzi mbele na kielezi nyuma yake, kabla ya yambwa. Ndiyo maana ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, waliopitia Kifaransa kabla ya Kiingereza, huteleza na kusema "I drink often tea". Kosa lao lina ukoo unaojulikana. La kwetu huku, ambako hatukusoma Kifaransa, halina hata udhuru huo. Limetengenezwa na walimu, nami nikiwamo. Ukimwambia mtoto kwamba kielezi hufuata kitenzi, ataandika "He speaks well English", maana ameambiwa "well" ni kielezi na "speaks" ni kitenzi. Hapo ndipo Kiingereza kinapokataa katakata, kwa kuwa hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. "He speaks English well." Kielezi "well" hakipaswi kukaa kwenye kile kiti cha kati wala kati ya kitenzi na yambwa, hungoja mwisho.

Kwa hiyo kiti hicho hakikaliwi na kila apitaye. Hukaliwa na vielezi vya mara ngapi, kama "often", "never" na "usually"; na vya hali ya tendo katika wakati, kama "already", "still" na "just". Vya namna ya kutenda, vile vinavyoishia na "-ly", huruhusiwa mara nyingi. "Fast" na "hard" hawaingii. "Yesterday" naye kwa desturi hukaa mwanzoni au mwishoni, isipokuwa katika magazeti ya Kiingereza, ambayo yana tabia yao ya kuandika "The minister yesterday announced". Mkumbuke huyo "yesterday" wa magazetini, nitamrudia.

Na kiti hiki hubadili maana, jambo ambalo daftari langu la chuo halikulitaja hata kwa mstari mmoja. "Juma spoke wisely" ni kusema kwamba maneno ya Juma yalikuwa ya busara. "Juma wisely spoke" ni kusema kwamba Juma alifanya busara kutokaa kimya, hata kama maneno yenyewe yalikuwa ya ovyo. Kielezi ni kilekile, kitenzi kilekile, mtu yuleyule. Kiti tu ndicho kilichobadilika. Kiswahili nacho hutofautisha mambo hayo mawili, lakini kwa njia yake. La kwanza ni "Juma alisema kwa busara". La pili ni "Juma alifanya busara kusema". Mfasiri anayetafsiri sentensi zote mbili kwa "Juma alisema kwa busara" amepoteza nusu ya habari, na hatajua kuwa ameipoteza.

Waingereza na Wamarekani wenyewe nao wana hofu zao kuhusu kiti hiki, na hofu hizo zimetufikia kupitia vitabu vya sarufi. Mwaka 1864 Henry Alford, kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury, aliandika kukemea uwekaji wa kielezi kati ya "to" na kitenzi. Baadhi ya walimu wakaendelea mbele, wakakataza hata kukiweka kati ya msaidizi na kitenzi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliigeuza hofu ya kupasua "to" kuwa mzaha, akawagawa wasemaji wa Kiingereza katika makundi matano kulingana na wanavyoijua au kuiogopa kanuni hiyo. Na hiyo nyingine ya msaidizi akaiona ni ushirikina mtupu. Lakini ushirikina haufi kwa kuchekwa. Tarehe 20 Januari 2009, mjini Washington, Jaji Mkuu John Roberts alikuwa akimwapisha Barack Obama. Kiapo kimo katika Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787, na humo neno "faithfully" limekaa kitini pake, kati ya "will" na "execute". Jaji, akisema kwa kichwa bila karatasi, akalisukuma hadi mwisho wa kifungu. Obama, aliyekuwa amekijua kiapo, akasita. Jaji akajaribu kujirekebisha. Mwishowe rais akaapa na "faithfully" ikiwa mkiani. Kesho yake wakarudia kiapo Ikulu, kwa tahadhari. Mwanasaikolojia Steven Pinker aliandika katika New York Times kwamba chanzo cha mkanganyiko ule ni ile miiko ya kutotenganisha sehemu za kitenzi. Huenda alisema kweli, huenda jaji alisahau tu kama binadamu. Lakini mimi, nilipoitazama picha ile kwenye televisheni, niliuona mshale wangu mwekundu wa mwaka 1987 ukiruka hewani juu ya umati wa watu.

Nao wanaokataza kupasua "to" na kitenzi chake wajue kwamba Kiswahili kinakipasua kitenzi-jina kila siku bila aibu. Tunasema "kufika", kisha "kutofika", tukapenyeza kikanushi katikati. Tunasema "kupenda", kisha "kumpenda", tukamwingiza mtu mzima tumboni mwa neno. Basi mtu mwenye lugha kama hii asitishwe na "to boldly go".

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi kamili. "Hajalala": humo yumo mtendaji, umo ukanushi, imo hali ya jambo lililotarajiwa ambalo halijawa, na limo tendo. Kiima chetu halisi ni ile herufi iliyofungwa kwenye kitenzi, na kati ya kiambishi hicho na mzizi huingia njeo, kirejeshi na yambwa. Kielezi hakiingii hata kwa nyundo. Mwingereza ana "she" huku na "sleeps" kule, na mwanya kati yao. Sisi hatuna mwanya huo, na wala hatuuhitaji, kwa sababu mengi anayoyakalisha Mwingereza kwenye kiti chake sisi tunayo ndani ya kitenzi. "Always" na "usually" zake aghalabu ni "hu-" yetu: "huchelewa". "Already" yake ni "-sha-": "ameshaondoka", au "keshaondoka". "Still" yake ni "-ngali": "angali mgonjwa". "Not yet" yake ni "-ja-". "Never" yake, akizungumzia yaliyopita, ni "hajapata kuona" au "hajawahi kuona". "Just" yake ni "ndiyo kwanza": "ndiyo kwanza anafika".

Sasa tazama anachofanya mwandishi anayefikiri kwa Kiingereza. Ana "I always appreciate you" kichwani. Anatafuta mahali pa "daima" kati ya kiima na kitenzi. Katika "ninakuthamini" hapaoni, maana "ni-" imeshikana na mwenzake. Basi humwita "mimi" aje asimame mlangoni, ili "daima" lipate mtu wa kukaa karibu naye: "Mimi daima ninakuthamini." Mtendaji sasa ametajwa mara mbili. Na kwa Kiswahili "mimi" si bure kama "I" ya Kiingereza. Ukilitaja pasipo haja unasisitiza: mimi, si mwingine. Mpenzi aliyetumiwa ujumbe huo ana haki ya kuuliza, kwani nani mwingine asiyenithamini? "Sisi kamwe hatutakubali" ni hivyohivyo. Kuna nani aliyekubali hata "sisi" tujitenge naye? Sema "hatutakubali kamwe", au "kamwe hatutakubali" ukitaka kupiga meza.

Kuhusu "tayari" nakiri kwamba vita nimeshindwa. Neno lililokuwa likieleza chakula kilichoiva na msafiri aliyefunga mizigo limegeuzwa kuwa "already", na vijana hawanielewi ninapolalamika. Lakini nalia na ile "-sha-" inayokufa pembeni yake. Mwenye "ameshaondoka" ana neno moja lenye kila kitu. Mwenye "yeye tayari ameondoka" ana matatu, na mawili kati ya hayo ni abiria wasiolipa nauli.

Ninyi washairi mtaniambia kwamba nyie mna ruhusa ya kuboronga sarufi. Mnayo, na sitaigusa. Ila hesabuni pamoja nami. "Daima nakukumbuka" ni mizani nane. "Nakukumbuka daima" ni mizani nane vilevile, na mshairi atachagua kati ya hizo mbili kwa kutazama kina anachokihitaji, "-ka" au "-ma". Huo ndio uhuru ambao lugha imetupa: kielezi mbele ya kitenzi au nyuma yake, na uzani usitikisike. Sasa leteni ile ya kigeni: "Mimi daima nakukumbuka." Kumi! Mizani mbili zimemezwa na "mimi" ambaye "na-" ilikuwa imeshambeba. Wanaoniletea tungo zao wakilalamika kwamba mshororo umefura na hawajui kwa nini, mara nyingi nimemkuta huyo "mimi", au nduguye "wewe", ameketi kifua mbele ili kielezi kipate jirani. Wazee waliotunga kwa midomo, bila kalamu, hawakuwa na anasa ya kupoteza mizani mbili namna hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mtu ataniuliza: je, hatusemi "Mtoto bado amelala"? Je, hatusemi "Juma kesho atasafiri"? Tunasema, na ni Kiswahili safi. Lakini sikiliza vizuri. Katika sentensi hizo "mtoto" na "Juma" wametajwa kama anayeinua kitu kukionyesha, kisha sentensi yenyewe ndiyo inaanza: "bado amelala", "kesho atasafiri". Ondoa "mtoto", sentensi haijapungukiwa kiima, kwa kuwa kiima kimo kwenye "a-". Ondoa "the child" katika "The child still sleeps", sentensi imekatika kichwa. Kwa hiyo "bado" halikukaa kati ya kiima na kitenzi. Limetangulia vyote viwili. Kwetu kielezi kikija mbele huja kwa sababu: kusisitiza, au kulinganisha, au kuweka wakati kabla ya jambo. "Juma kesho atasafiri" ni jibu zuri kwa aliyedhani anasafiri leo. Kwa Mwingereza kiti cha kati ni kiti cha upole, mahali ambapo kielezi hukaa bila kupiga kelele. Anayedhani mambo hayo mawili ni mamoja kwa kuwa yanafanana kwa macho amefanana na yule anayedhani "kaa" la moto na "kaa" la pwani ni kitu kimoja.

Na yule "yesterday"? Fungua gazeti lolote la Kiswahili: "Waziri jana alisema", "Polisi jana walikamata", "Wananchi jana walilalamika". Hakuna anayebisha kuhusu siku, hakuna linalolinganishwa, lakini "jana" limesimama mbele ya kila kitenzi kama askari wa gwaride. Sina shaka kwamba tumeyaiga magazeti ya Kiingereza, tena tumeiga kitu ambacho hata nje ya magazeti Waingereza wenyewe hawakisemi. Wahariri wa kurasa hizo ni wanafunzi wetu. Niliwahi kufundisha baadhi yao, na lawama hii naigawa nusu kwa nusu.

Wengine wataniambia lugha hukua, niache mambo. Hukua, sawa. Ilikua ilipochukua "kitabu" na "shule" na "meza", ikayavalisha ngeli na kuyaweka kazini. Kuchukua neno ni kuongeza chombo jikoni. Kuchukua mpangilio wa maneno bila kujua kazi yake ni kuhamisha nguzo ya nyumba ya jirani na kuisimamisha katikati ya sebule yako, kisha ukawaambia wageni waizunguke.

Siku hizi, watoto wanapokuja barazani, sifundishi kanuni ya kielezi kwanza. Nawaandikia sentensi za Kiingereza zenye pengo na kuwaacha walijaze kwa kusikiliza, kisha nawataka waseme jambo hilohilo kwa Kiswahili kwa sharti moja: "mimi", "wewe" na "yeye" ni marufuku mpaka uwe na sababu. Juzi kijana wa kidato cha tatu alipewa "She has never travelled by ship". Akakaa kimya muda mrefu, akaanza "Yeye kamwe…", akajikata mwenyewe, akaandika: "Hajapata kusafiri kwa meli." Nikamwuliza "never" ameipeleka wapi. Alitazama sentensi yake kwa mashaka, kama mtu aliyeangusha sarafu, kisha akaweka kidole juu ya "-ja-", akakisogeza polepole hadi "-pata", akaniuliza kama anaweza kukifunika chote kwa kidole kimoja.